Nilisimama mbele ya kanisa nina miaka 19, mwenzangu akaendelea kuimba besi. Hii aibu mtu anaitua wapi?

#1 Binti wa Uyole

Wakuu, habari za baridi. Jina hili nimelifungua jana, la siku zote mnanijua nalo sitaki lichafuke.

Nina miaka 33. Nilipata mimba nikiwa na 19, nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo. Kanisani kwetu (dhehebu silitaji, msiulize) ukipatikana na mimba nje ya ndoa unatengwa. Hushiriki Chakula cha Bwana, huimbi, unakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Ukishajifungua unaandikisha jina kwa mzee wa kanisa, unapangiwa Jumapili, unasimama mbele.

Pale mbele sakafu ya saruji ilikuwa na ufa. Unaanzia mguuni mwa meza, unagawanyika mara mbili, tawi moja linaingia chini ya zulia. Nimeusoma ule ufa kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote. Mchungaji anasoma karatasi, watu wanaitikia, mimi niko kwenye ufa. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yangu, akaanza kulia, mama akatoka naye nje. Hakurudi mpaka ibada imekwisha.

Mwenzangu, aliyenipa mimba, alikuwa besi kwenye kwaya. Siku ile kwaya iliimba nyimbo mbili. Na yeye aliimba.

Sasa huyo mtoto mwaka huu anapata kipaimara, kanisa hilohilo. Natakiwa nisimame naye palepale mbele. Tangu siku ile mama yangu hajawahi kulitaja lile jambo, hata kwa bahati mbaya.

Maswali yangu: hii aibu ni ya dini au ni ya kabila letu? Na kama kuna aliyewahi kuitua, aliitulia wapi? Za "samehe usonge mbele" ninazo gunia zima, msiniongezee.

#2 Kijana wa Sokomatola

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wazee wa Rungwe.

#3 Mlima Nyoka

Pole dada. Jibu ni fupi: ni ya Wazungu. Wamoravian walifika Rungwe 1891, Walutheri wa misheni ya Berlin wakaingia kwenye nchi yetu ya Wanyakyusa mwaka huohuo. Kabla ya hapo nani alimsimamisha binti mbele za watu? Kijana akiharibu binti wa watu, ng'ombe wanatoka zizini, mambo yamekwisha. Wao walichotuletea ni daftari. Kosa likishaandikwa kwenye daftari haliishi, linasubiri tu mwenye kufunua ukurasa.

#4 Mwalimu Mstaafu

Ndaga (asante), Mlima Nyoka, ila hapo umeruka mto bila daraja.

Ng'ombe walitoka, kweli. Walikwenda kwa nani? Kwa baba wa binti. Binti mwenyewe hakuna aliyemuuliza kitu.

Na habari kwamba hatukuwa na aibu mpaka Mzungu alipokuja si kweli. Sisi Wanyakyusa tulikuwa na ukutila. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hakai naye nyumba moja, hatamki jina lake wala neno linalofanana na jina lake. Bibi yangu mzaa baba, huko Mwakaleli, akimwona mkwewe njiani alikuwa anaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka mzee apite, hata kama ana mtungi wa maji kichwani na mvua inanyesha. Jina la mkwewe lilikaribiana na neno la maji. Basi maisha yake yote maji aliyaita kwa maneno ya kuzunguka, "vile vya mtoni". Mzee alikufa, yeye akaendelea kusema "vile vya mtoni".

Kuna kubwa zaidi. Mvulana akifika miaka kama 10 alikuwa anatoka kwa baba yake, anajenga kibanda na wenzake wa rika pembeni, analala huko. Mchana wanarudi kula kwa mama zao. Ukiuliza sababu unaambiwa ni aibu: mtoto wa kiume asisikie mambo ya usiku ya wazazi wake. Vile vibanda ndivyo vilivyokua vikawa vijiji. Watafiti wa mila, Monica Wilson na mumewe Godfrey, walikuwa Rungwe kati ya 1934 na 1938, waliyaona wakayaandika. Kwa hiyo wenzetu wa misheni hawakukuta shamba tupu. Walikuta limeshalimwa, wao wakapanda mbegu yao.

#5 Kijana wa Sokomatola

Kumbe geto lilianzia Tukuyu 😂😂

#6 Mlima Nyoka

Shikamoo mwalimu, nimekusoma. Lakini hiyo ukutila ilikuwa na pande mbili. Mkamwana anamkwepa mkwe, na mkwe naye akikohoa mbali ili binti ajue anakuja. Wote wawili wanabeba. Hapa kwenye uzi huyu besi alikwepa nini?

#7 Bin Mlandege

Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni wa Iringa mjini, naona mnachanganya haya na aibu kama vile ni uji na ugali.

Haya ni kitu unacho ndani, kinakuzuia kabla hujafanya. Mtume (s.a.w.) amesema haya ni sehemu ya imani, Bukhari na Muslim wote wameipokea. Aibu inakuja baada, na mara nyingi unavishwa na watu. Kwetu sisi mtu akikosea na Mungu akamsitiri, asijitangaze. Kuna hadithi kabisa kwamba umati wote utasamehewa isipokuwa wanaojitangaza wenyewe, mtu anafanya jambo usiku Mola kamfunika, asubuhi anajifunua. Ndiyo maana nikisoma habari ya kusimamishwa mbele na karatasi nasikia baridi, na hii Iringa tunaijua baridi.

#8 Neema ya Makete

Ustaadhi umesema vizuri, ila mimba hujitangazi. Inakutangaza. Mwezi wa sita hakuna baibui la kuificha.

Na sisi tuna Yakobo 5:16, ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi. NINYI KWA NINYI. Haikuandikwa "mabinti kwa wazee wa kanisa".

#9 Bin Mlandege

@Neema ya Makete hapo umenifunga goli, nakubali. Na nisijifanye, mitaani kwetu msichana akipata mimba anapelekwa kwa shangazi yake mbali. Hatusimamishi, tunahamisha.

#10 Tajiri Mtoto

Mimi nawashangaa mnavyozunguka. Sio dini sio kabila. Ni pesa. Kanisani kwetu mtoto wa mwenye lori tatu alipata mimba mwaka mmoja na mtoto wa muuza mbogamboga. Wa lori akaenda "kusoma kozi" Dar, akarudi baada ya mwaka na mama yake ana "kitinda mimba". Kila mtu anajua, na harambee ya bati mama ndiye mgeni rasmi. Wa mbogamboga alisimama mbele akiwa na ndala. Mwenye gari hasimami mbele, jamani.

#11 Mama Shela

#10 umegusa kidonda changu. Mimi nilifunga ndoa nikiwa na miezi minne. Niliambiwa sitavaa shela. Ndoa ikawekwa asubuhi na mapema, ibada ya kwanza, watu kumi na wawili, baridi ya mwezi wa saba imetanda mpaka mpiga kinanda hasikii vidole. Gauni langu lilikuwa la krimu kwa sababu fundi alisema "jeupe watakurudisha getini". Tuna miaka kumi na saba kwenye ndoa, ile ya shela ya wiki iliyofuata, bendi na magari tisa, iliishia mahakamani mwaka wa tatu. Lakini wakitoa picha za harusi ukweni, zangu haziletwi mezani.

Mwaka juzi mume wangu alininunulia shela sokoni Mwanjelwa. Alilileta kwenye mfuko wa rambo, amelikunja pamoja na nyanya. Nililivaa jikoni. Tukacheka mpaka nikalia. Sijui kama hiyo ndiyo kuitua, mimi nasimulia tu.

#12 Kijana wa Sokomatola

Shela na nyanya. Huyu mwanaume apewe kiwanja.

#13 Kalenga Original

Mnaongea habari za aibu na hamjawaita wenyewe. Mhehe hana mazungumzo na aibu, Mhehe anaimaliza. Mkwawa, chifu wetu, alipozingirwa mwaka 1889 alijipiga risasi kuliko kushikwa na Mjerumani. Ndiyo damu hiyo.

#14 Mwalimu Mstaafu

1898, kijana. Tarehe 19 Julai. Umegeuza tarakimu. Lugalo alikowapiga Wajerumani ni Agosti 1891, mwaka uleule ambao wamisionari walikuwa wanapiga hema kwetu Rungwe. Na fuvu lake, walilolichukua Wajerumani, lilirudi Kalenga 1954, miaka zaidi ya 50 baadaye.

#15 Kalenga Original

Kamwene mwalimu. Vidole baridi.

#16 Mtani Mngoni

Alitaka kuandika 1898 ila ulanzi ukamgeuzia kibao.

#17 Sina Jina

Samahani niwe mkali kidogo. Huu utani wa "Mhehe anaimaliza" naomba uishie hapa. Nimezika kaka yangu Mafinga. Alikuwa na deni la mbegu na mbolea, deni ambalo ndugu tungechanga kwa wiki moja. Hakusema kwa sababu ya hayohayo, mwanaume wa Kihehe haombi. Msibani watu wakawa wananong'ona "ndivyo walivyo". Hakuna ndivyo walivyo. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye deni na soni. Bibi yetu ndilo neno alilokuwa analitumia, soni, na hata kwenye kamusi ya Kiswahili lipo.

#18 Kalenga Original

Nimekosa, ndugu yangu. Pole sana. Nimeelewa.

#19 Nesi Makambako

Poleni wote. Nami nilete la kazini bila kumtaja mtu.

Ukitaka kuona aibu inavyoua polepole njoo kliniki ya dawa za ukimwi. Kuna mtu anatoka Njombe anapanda basi kwenda kuchukulia dawa Mbeya. Na kuna wa Mbeya anakuja kwetu. Wanapishana Igawa hapo, hawajuani, kila mmoja amejifunika kanga. Nauli ikikosekana mwezi huo dawa hazimezwi. Wengine wanabandua karatasi ya chupa, wanahamishia vidonge kwenye mkebe wa pipi. Mmoja aliacha kabisa baada ya kwenda kwenye maombi na kuambiwa kumeza ni kukosa imani, na aliona aibu kurudi kwetu kuliko alivyoona kufa.

#20 Tajiri Mtoto

Na Mbeya ndiyo inaongoza nchi nzima kwa ukimwi, hatusemi.

#21 Nesi Makambako

Hapana, sahihisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, watu wa miaka 15 na kuendelea: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Taifa 4.4. Njombe ndiyo ya kwanza na nimeishi humo. Na mtu akimeza dawa vizuri virusi vikashuka mpaka visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hilo nalisema kila siku dirishani na bado mtu ananiomba nifunge dirisha kwanza.

#22 Dereva wa Igawa

Nesi umenikumbusha tohara, niwape cha kuchekea kidogo maana uzi umekuwa mzito.

Sisi Wabena wengi wetu hatukutahiriwa utotoni. Ile kampeni ya tohara ilipokuja, Njombe bado iko ndani ya mkoa wa Iringa, mimi nilikuwa na miaka 31, mke na watoto wawili. Wanaileta msimu wa baridi, mwezi wa sita mpaka wa nane, kwa sababu watu wanaamini kidonda kinapona vizuri na shule zimefungwa. Nikafika nikakuta foleni yote ni watoto wa darasa la tano. Nyuma yangu mwanafunzi wa mke wangu. "Shikamoo baba." Nikaitikia "marahaba" nikajifanya nimemleta mtoto. Nikaondoka. Nikarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, nikamkuta mchungaji wetu naye kasimama nyuma ya mti, kavaa kofia ya kuziba masikio.

Hatujawahi kulizungumzia. Tukikutana tunashikana mikono kwa nguvu sana.

#23 Kijana wa Sokomatola

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. "Tunashikana mikono kwa nguvu sana" 😂😂😂

#24 Mtani Mngoni

Mganga wa kampeni nzima ni ule mti.

#25 Nesi Makambako

Dereva hukuwa peke yako. Wanaume wazima walikuwa wengi waliorudi mlangoni kwa sababu ya foleni ya watoto au kwa kumwona nesi mwanamke. Na tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60. Fikiria mtu anaiacha hiyo kwa ajili ya "shikamoo baba".

#26 Mzee wa Kanisa Mst.

Nimesoma tangu mwanzo nikasita kuandika. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka 22, hayo majina nimeyaandika kwa mkono wangu.

Binti wa Uyole, mwanangu, pole. Sitetei kila kitu. Ila nikueleze ule utaratibu ulikusudia nini, maana hapa mnauona mguu mmoja tu. Zamani walisimama wote wawili. Na maana yake haikuwa kufedhehesha, ilikuwa KUFUNGA. Baada ya kanisa kuitikia "tunakupokea", ilikuwa mwiko mtu yeyote kulitaja tena lile jambo. Nimewahi kumwita mwanamke mmoja baraza la wazee kwa sababu alimsema mwenzake kisimani habari iliyokwisha kupokelewa. Bila siku ile, maneno yangeendelea kisimani miaka yote. Kosa letu ni kwamba wavulana walianza kukana na sisi tukakubali kukana kwao kwa sababu hakuna kipimo, wakati tumbo halikani. Hapo ndipo mzani ulipoinama.

#27 Binti wa Uyole

Shikamoo baba. Nimeisoma mara tatu.

Ilifungwa kwa nani? Kwangu haikufungwa.

#28 Neema ya Makete

Subiri kwanza. Mzee #26 amesema baada ya kupokelewa ni mwiko kulitaja. Mtoa mada #1 amesema mama yake hajawahi kulitaja tangu siku ile. Je, kama mama anafuata utaratibu? Kama kunyamaza kwake ndiyo namna yake ya kukupokea?

#29 Mama Shela

Neema umenisisimua. Au mama naye ana yake. Mimi nilipokuwa na miezi minne mama yangu aliulizwa na umoja wa wanawake "ulikuwa wapi binti akiharibika". Akajiuzulu utunza hazina. Mimba yangu, adhabu yake.

#30 Mlima Nyoka

Kwa Wanyakyusa kunyamaza sio kufunga hata siku moja. Hapo naomba kupingana na mzee wangu kwa heshima. Kwetu kinyongo kikikaa moyoni ndicho kinachofanya watu waugue. Kabla ya tambiko ndugu walikuwa lazima waseme walichofichiana, hadharani, mmoja mmoja, ndipo mnakula pamoja. Nilimwona babu yangu na mdogo wake, waligombania mpaka wa shamba la kahawa miaka tisa. Siku hiyo babu akasema yote, ya shamba na mengine ambayo hatukutegemea, kisha akapiga funda la maji akayapuliza chini, pyuuu. Mdogo wake naye. Wakaletewa ndizi sahani moja. Nilikuwa na miaka kama minane, nilichokumbuka zaidi ni kwamba yale maji yalirukia kiatu changu.

#31 Mwalimu Mstaafu

Hapo Mlima Nyoka uko sawa, wala sina kalamu nyekundu. Niongeze tu kwamba waliosema ni ndugu wenye kinyongo, wote, mkubwa na mdogo. Hakuna aliyekuwa mtazamaji. Na sisi walimu tusijitoe. Nimewahi kusimama mstarini asubuhi kushuhudia msichana anafukuzwa shule kwa mimba. Kanuni za elimu za 2002 ziliruhusu kufukuza kwa makosa ya maadili. Nilikuwa mwalimu wa zamu. Mpaka Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Yule wa kwangu wakati huo alikuwa na watoto watatu na anauza viazi Kiwira. Huwa ananiongezea viazi viwili juu ya fungu. Sijui ni heshima au ni kisu.

#32 Kinanda

Nimekuwa nasoma bila kujiandikisha. Nimejiandikisha leo.

Mimi nilikuwa upande wa pili. Si besi wa mtoa mada, msianze kunitafuta. Ni Kyela, mwaka 2004, nilikuwa napiga kinanda. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani akaniuliza mbele ya baba yangu. Nikakana. Baba akasema "umesikia", mzee akanywa chai akaondoka.

Siku aliposimama yule dada, mimi ndiye niliyepiga wimbo wa kumpokea. Vidole vilijua njia, mimi sikuwepo. Aliyesimama alipewa tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Mimi sikupewa yoyote. Nimeoa, nina watoto, bado nikisikia ule wimbo natoka nje najifanya napokea simu.

#33 Tajiri Mtoto

Kwa hiyo tukupigie makofi?

#34 Sina Jina

Mwacheni amalize. Ulimtafuta?

#35 Kinanda

2016. Nilienda na maneno nimeyapanga toka Dar mpaka Kyela. Nikamkuta anaanika mpunga. Aliniambia ada ya kidato cha kwanza nimechelewa wiki mbili, kama nimeleta nimpe, hayo mengine hana muda nayo, mvua inakuja. Nikatoa ada. Nikamsaidia kukunja turubai.

#36 Neema ya Makete

Huyu mama wa mpunga ndiye mwenye jibu la uzi huu na hata hana bando.

#37 Bin Mlandege

Nikiongeza moja niende swala. Toba kwetu haina mzee wa kati, ni wewe na Mola wako. Lakini haki ya mtu haifutwi kwa toba mpaka umrudishie mwenyewe. Kinanda, ada ni mwanzo.

#38 Mhasibu Mdogo

Mimi niko nje ya mada kidogo. Mnasema aibu ya mimba imepungua, sawa, lakini mmeona ilivyohamia kwenye bahasha? Siku hizi kanisani kwetu wanasoma majina ya waliotoa ahadi ya jengo, na kiasi. Mwaka huu wameanza kusoma na ambao HAWAJATOA. Mama mmoja anauza maandazi, elfu tano yake imesomwa baada ya laki nane ya mtu. Alikuja ofisini kwangu kukopa ili jina lake lipande juu kidogo. Ufa ni uleule, dada, ila sasa wanaoutazama ni wengi.

#39 Dereva wa Igawa

Kwenye msiba hivyohivyo. Daftari la rambirambi linapigwa picha linarushwa kwenye kundi la WhatsApp.

#40 Mtani Mngoni

Mlima Nyoka alisema mapema. Daftari.

#41 Mzee wa Kanisa Mst.

Kinanda, kama ningekuwa mimi niliyekuja kwenu nisingeinywa ile chai. Najiambia hivyo. Pengine ningeinywa.

#42 Binti wa Uyole

Nimerudi, samahani kwa kimya, tulikuwa na semina ya wazazi wa kipaimara.

Nilifanya kitu. Neema aliponiambia habari ya mama kufuata utaratibu sikulala. Jumamosi nilienda nyumbani, tukawa tunachambua maharage uani. Nikamuuliza, sikuzunguka: "Mama, siku ile mbona hukurudi ndani?"

Hakushtuka. Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa, akasema: "Viatu vilikuwa vinanibana. Vilikuwa vya kuazima." Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza kama nimeshanunua mafuta ya kupikia au anunue yeye.

Ni hayo tu. Miaka kumi na nne, nimepewa viatu.

#43 Kijana wa Sokomatola

Sijaelewa ila nimenyamaza.

#44 Mlima Nyoka

Amesema. Kwa mama wa kwetu hiyo ni hotuba nzima.

#45 Tajiri Mtoto

Hajasema kitu, amekwepa. Msimpambe.

#46 Mama Shela

Kwani viatu vyake mwenyewe vilikuwa wapi?

#47 Binti wa Uyole

Alikuwa na jozi moja ya kanisani, vyeusi, vya kisigino kifupi.

Siku ile nilikuwa nimevivaa mimi.

#48 Neema ya Makete

😭

#49 Dereva wa Igawa

Dada, mimi napita Uyole Ijumaa natokea Makambako. Kama shughuli ni ya jikoni kubwa semeni mapema, kuna mtu Igawa ana mchele mzuri na bei yake ni ya shamba. Gunia au nusu?

#50 Binti wa Uyole

Nusu inatosha. Ndaga fijo. Na uniulizie kama anauza na maharage, yale tuliyochambua mama kasema ni ya mbegu, hayaguswi.